Farasi Wangu Ananigomea Mbele ya Geti

Shangazi Verna mpendwa,

Nakuandikia kwenye safu yako ya gazetini kwa sababu kwa mdomo siwezi, na nakuomba unishauri upesi, maana lori la mnada wa farasi linaondoka Jumamosi na mimi sijui nisimame upande gani.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, bado niko shule, napenda vitabu kuliko ninavyopenda watu, na nina farasi jike anayeitwa Mulga ambaye baba alinipa baada ya dada yangu kuolewa na kuhamia pwani. Dada alishinda naye vikombe ambavyo mpaka leo viko juu ya friji yetu vikikusanya vumbi. Mimi nilitaka kufanya mambo sawasawa, si kama watu wa huku wanaopanda farasi kama wanavyopanda trekta, kwa hiyo niliagiza vitabu vya upandaji, nikavisoma vyote nikipiga mistari, na vyote vinasema neno lile lile, kwamba mpandaji na farasi wakiwa kitu kimoja hakuna haja ya kelele, amri hupita kwenye pumzi na kwenye uzito wa mwili, na anayetazama kutoka nje haoni chochote. Hilo ndilo nililolitaka, Shangazi. Nilimpiga brashi kila asubuhi kabla ya basi la shule, nikakaa wima, nikapumua kama nilivyoelekezwa.

Kisha tukaenda kwenye mashindano ya kutenga ng'ombe hapa Coolamurra. Tuliingia kwenye zizi, nikachagua maksai mwekundu, na Mulga akamtenga na wenzake vizuri hata mimi mwenyewe nikashangaa, akamleta mpaka mbele ya geti, akawa anamzuia asirudi, kushoto, kulia, kushoto, na hapo nilichotakiwa ni kuita geti lifunguliwe ili tumtoe uwanjani tukamzungushe kwenye nguzo, lakini nilihisi bado hatujawa kitu kimoja, nikangoja, nikavuta pumzi ndefu. Mulga akageuza sikio moja nyuma kwangu, jambo ambalo kitabu changu kimoja kinasema ni dalili ya farasi kupoteza umakini, basi nikazidi kungoja. Mzee mmoja wa getini akaniuliza, "Binti, unataka geti, au tukuletee chai?" Watu wakacheka. Nikasema geti. Nakuapia nilisema. Mwenzake akauliza, "Kasema nini?" na yule mzee akajibu, "Nadhani anasali, mwache amalize." Maksai akapenya akarudi kwa wenzake, na mwamuzi akapiga mjeledi hewani, paa! Maana yake toka, umeshindwa.

Kwenye mashindano yaliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Mulga alizuia na kuzuia mpaka jasho likamtiririka shingoni, nami bado naitafuta ile hali ya kuwa kitu kimoja, mwishowe akaacha mwenyewe, akageuka, akatembea zake mpaka kwenye kona ya zizi, akasimama akitazama mbao, nami nikiwa juu yake. Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "Mabibi na mabwana, farasi amestaafu, mpandaji bado hajaarifiwa."

Kinachoniuma zaidi ni binamu yangu Brodie. Kitabu pekee alichowahi kukimaliza ni kile cha maelekezo ya jiko la kuchomea nyama. Anakaa kwenye tandiko kama gunia la chumvi ya ng'ombe, anaingia zizini na mabaki ya pai ya nyama kidevuni, anapiga ukelele wa "Getiii!" kama kasuku aliyekanyagwa mkia, na farasi wake mwenye miguu kama ya meza anaruka naye kana kwamba ameitwa mbinguni. Huyo ndiye bingwa wa vijana wa wilaya! Siku ile alinipita akaniambia, "Vipi dada, farasi wako alikuwa anasubiri basi?"

Baba alimtazama Mulga akiwa na nusu ya soseji mkononi, akasema, "Amekwisha huyu. Moyo umemtoka." Sikusema kitu. Sasa ameamua Mulga aende mnadani, na kwa farasi wa umri wake wanunuzi tunawajua, hawaji na matandiko, wanakuja na mizani ya nyama. Mimi nimeahidiwa farasi dume mdogo aliyefundishwa mjini na watu waliosoma, na naona aibu kukiri, lakini nimeshaanza kumtafutia jina.

Shangazi, nimwache Mulga aende, au kuna njia ya kumfanya farasi asiyenipenda anipende kabla ya Jumamosi?

Wako,
Mpenda Vitabu, Coolamurra

*

Mpenda Vitabu,

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili ilibidi nisimame, kwa sababu hasira hunikaza mgongo nikiwa nimekaa.

Unauliza kama farasi anakupenda. Hebu nikusomee barua yako mwenyewe, maana inaelekea umesoma kila kitu isipokuwa hiyo. Mulga aliingia zizini. Akamtenga ng'ombe uliyemtaka wewe. Akamleta getini, akamzuia kushoto na kulia, kisha akakugeuzia sikio. Binti, farasi wa kutenga ng'ombe akikugeuzia sikio wakati huo anakuuliza. Anasema, "Yangu tayari, bibie, haya sasa wewe." Na wewe ukavuta pumzi! Mwenzio ana maksai wa kilo mia nne puani, wewe unavuta pumzi.

Na vitabu vyako sina ugomvi navyo. Viliandikwa na watu wanaocheza na farasi kwenye mchanga uliopigwa reki, mbele ya waamuzi waliovaa glovu, mahali pasipo na ng'ombe wala geti. Kimya huko kinafaa. Kwenye zizi letu Mulga anaweza kukimbia, kukata kona, na kumsoma ng'ombe kabla ng'ombe mwenyewe hajajua anakwenda wapi. Hawezi kuita geti. Ni kazi hiyo moja tu aliyoachiwa mwanadamu, na bahati mbaya ya Mulga ni kwamba mwanadamu huyo ulikuwa wewe.

Eti amekugomea! Alifanya kazi yake, akakungoja, akaifanya tena, akakungoja tena, mpaka jasho likamlowesha, ndipo akaenda kusimama kwenye kona. Ningekuwa mimi ningekuangusha kwanza, kisha ndiyo niende kwenye kona.

Brodie mdharau upendavyo, hata mimi hiyo pai ya kidevuni imenikera. Lakini farasi wake ana uhakika na jambo moja ambalo wako hana. Akimaliza sehemu yake, aliye mgongoni atafanya yake, papo hapo, bila kutafakari. Ndiyo hiyo hali ya kuwa kitu kimoja unayoitafuta kwa kalamu ya kupigia mistari, na kijana asiyejua kufungua kitabu ameipata akiwa na mdomo umejaa nyama. Inaudhi, najua. Imeze tu hivyo hivyo.

Haya yako ya kupaza sauti naielewa. Wazee wa getini wana midomo isiyo na huruma, na kuchekwa na uwanja mzima katika umri wako kunaunguza kama maji ya moto. Pole, na nasema kwa dhati. Ila tazama unavyoandika: kasuku aliyekanyagwa mkia, miguu ya meza, gunia la chumvi! Nani kakudanganya kwamba huna sauti? Unayo, tena ina meno, lakini unaitoa mahali ambapo hakuna atakayekujibu. Baba yako alipomhukumu farasi huku akitafuna soseji, na yeye simsifu hata kidogo, wewe ulikuwa mtu pekee duniani mwenye ushahidi wa kumtetea. Ukanyamaza. Ukaenda kutafuta jina la farasi mwingine. Ile aibu uliyosema unaiona, usiniombe nikuondolee, hiyo ni yako kihalali.

Sasa sikiliza. Huyo dume wa mjini mkatae. Atakuja, atatenga, atakugeuzia sikio, na baada ya mwaka atapandishwa lori lile lile huku unatafuta jina la wa tatu. Nenda kwa baba yako ukamwambie hivi: "Baba, kosa si la Mulga. Mimi sikuita geti." Usimwandikie, wala usimtume mama yako. Asiposikia, sema tena kwa nguvu zaidi, hilo litakuwa zoezi lako la kwanza. Kisha mwombe Brodie asimame kwenye geti la kwenu, mbali kama inavyokuwa kwenye mashindano, na asilifungue mpaka akusikie. Atakucheka. Mwache acheke, mradi mkono wake uko kwenye komeo. Mara ya kwanza Mulga atashtuka, kwa kuwa hajawahi kusikia sauti yako ikiwa kubwa hivyo. Mpapase shingo, uite tena. Fanyeni hivyo mpaka akisikia tu unavuta pumzi anajua ni ya kuitia geti.

Gazeti hili linafika huko kwenu Ijumaa, siku moja kabla ya lori, na sidhani baba yako ni tofauti na wafugaji wengine wa wilaya hii, ataanza na bei za ng'ombe. Bei ziko ukurasa wa tisa, na barua yako iko mgongoni mwa karatasi hiyo hiyo, ukurasa wa kumi. Jina lako silijui, lakini la Mulga nimeliacha kama ulivyoliandika, na la Brodie pia. Una muda mpaka baba amalize bei za maksai na kulamba kidole ageuze karatasi.

Shangazi Verna