Wamemtoa Mama Akoth nje

Trizah, manze nimekasirika sana.

Leo kwaya yetu imeimba na ile okestra ya mababi, wale watoto wa matajiri, ukumbusho wa wale walikufa kwa moto wa mtaa wetu wa Gatwekera. Wimbo ulipofika jina la marehemu Akoth, mamake akasimama hapo mbele akaanza kumlilia kwa Kijaluo, akiimba juu ya sauti zetu, vile huwa kwa matanga. Sisi tukampokea kwa kumwitikia. Si ndio kuomboleza?

Mwalimu wa okestra akanyamazisha vayolini. "Mama, tunarekodi."

Tunarekodi, Trizah! Anaambia mzazi wa marehemu eti tunarekodi!

Wakamtoa nje. Tukawa tunamsikia akilia nyuma ya ukuta wa mabati.

Huyo jamaa mwalimu akatugeukia, akainua mikono. "Tuanze tena. Na sasa muimbe kwa uchungu."