Miguu Yangu na Pikipiki ya Ushirika

Tororo, Jumamosi jioni

Mvua imeacha kunyesha lakini mabati bado yanadondosha maji. Mwamba wa Tororo, ule mlima wa jiwe ulio juu ya mji, umejificha mawinguni tangu asubuhi. Nimekaa mlangoni, mguu wa kulia nimeunyoosha juu ya kigoda, na pikipiki iko mbele yangu uani, inang'aa kwa maji kana kwamba haijawahi kumkosea mtu.

Nina mengi ya kuandika leo. Nianze na lile la wazi.

Mimi ni mfupi.

Si ufupi wa kutaniwa siku moja ukaisha. Ni ule wa kumwomba mtu akushushie chupa ya dawa kutoka rafu ya juu, kila siku, mwaka mzima. Sijawahi kuona kama ni mkosi. Mimi ni daktari wa mifugo, na ng'ombe haulizi daktari ana urefu gani. Tena ndama akikwama tumboni, mkono wangu mwembamba unapita mahali ambapo mikono ya wenzangu wanaume inagota. Kwa hiyo watu wa vijijini wananitafuta mimi.

Shida ilianza ushirika wetu wa wafugaji ulipopata pikipiki. Mgeni mmoja aliyekuwa akiizunguka Afrika alichokea hapa Tororo, akauachia ushirika pikipiki yake na kurudi kwao kwa ndege. Ni ile ndefu ya safari, tairi la mbele kubwa, tumbo liko juu ili lisiguse mawe. Nikisimama kando yake, kiti kinanipita kitovu. Meneja wetu, Bwana Oketcho, alinikabidhi funguo mbele ya wanachama, wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Ningesema nini pale? Nilizipokea nikashukuru.

Tangu siku hiyo nimekuwa mfungwa anayetembea.

Kupanda naweza. Napandia kwenye ngazi ya nyumba, naondoka. Kushuka ndiyo kazi. Vidole vya miguu havigusi chini mpaka niinamishe pikipiki upande mmoja, na nikiinamisha kidogo tu kupita kiasi, uzito wake unanivuta nayo. Kwa hiyo nasimama palipoinuka tu. Ninajua kila kichuguu, kila jiwe na kila ukingo wa daraja kutoka hapa mpaka Kisoko. Nikikosa pa kuweka mguu, napitiliza, nazunguka, natafuta mbele. Watu wananipungia mkono njiani, mimi napunga na kupita.

Wanasema daktari huyu hana salamu. Salamu ninazo. Miguu ndiyo sina.

Sikumwambia mtu. Ningesema, ningeondolewa vijijini na kuwekwa kaunta ya duka la ushirika, kuuza dawa za kupe. Emojong, mwenzangu anayechanja mifugo, amekuwa akiitamani ile pikipiki tangu siku ya makofi. Ni mtu mzuri, mrefu kama mlingoti, na anachanja vizuri. Ila mkono wake ni mkubwa, hauingii. Yeye mwenyewe anajua.

Basi nikabaki hivyo. Nikisema, nafungiwa dukani. Nisiposema, nimefungwa juu ya kiti.

Ndipo ikafika Jumanne.

Nilikuwa narudi kutoka Kisoko baada ya mvua. Barabara ilikuwa udongo mwekundu unaoteleza, hakuna jiwe wala kichuguu. Mbele, upande wa kulia, mama mmoja akatokea kwenye shamba la mihogo anakimbia, leso mkononi. Namfahamu, ni Mama Athieno, mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa.

"Daktari! Simama! Simama, ng'ombe yangu nakufa!"

Nikatazama chini. Hakuna pa kuweka mguu. Mazoea yakanisukuma nipitilize, na kweli nilimpita. Nilimwona kwenye kioo, amesimama katikati ya barabara, leso imelegea mkononi. Hakuita tena.

Sikuweza. Nikageuza.

Nilisimama pale pale alipokuwa, kwenye barabara tupu, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine. Nikateremsha mguu wa kulia kutafuta ardhi. Ardhi upande ule inateremkia mtaroni. Mguu ulikwenda, ukaenda, haukukuta kitu.

Pikipiki ikanilalia.

Sikuumia sana, udongo ulikuwa laini. Lakini mguu ulibanwa chini, karibu na ekzosi, na nikaanza kusikia harufu ya gambuti linaungua. Mama Athieno akashika usukani akavuta. Akateleza, akaanguka, akaamka, akavuta tena. Pikipiki haikutikisika.

"Hii chuma iko na nini ndani?" akasema akihema. Kisha akakimbia kuita watu.

Nikabaki peke yangu, nimelala chali matopeni, natazama mawingu. Na nyuma ya nyumba ya Mama Athieno, karibu kabisa na barabara, nikawa namsikia ng'ombe. Anayejua sauti ile anaijua. Ni ya ng'ombe aliyesukuma mpaka nguvu zikamwishia. Alikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kumfikia kwa kutambaa. Mkoba wangu wa kazi ulikuwa umefungwa nyuma ya kiti, juu yangu, naugusa kwa vidole. Kila nilipojivuta, mguu ulizidi kubanwa.

Nilipiga kelele. Siyo ya kuomba msaada. Niliipigia kelele pikipiki.

Watu walikuja na majembe yao kutoka mashamba ya jirani. Walikawia, au mimi niliona hivyo. Waliinua, nikatoka, nikachechemea mpaka bandani, nikanawa na kuingiza mkono. Ndama alikuwa ametanguliza miguu, kichwa kimegeukia nyuma. Nilikipata, nikakirudisha. Mkono wangu ulipita kama kawaida.

Ndama alitoka amekufa. Ulimi umevimba, bado ana joto.

Mama yake aliishi. Alisimama jioni hiyo hiyo akanywa maji. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Sijui ndama alikufa lini. Inawezekana alikuwa amekwisha kabla sijafika pale barabarani. Inawezekana alikufa nikiwa chini ya pikipiki. Nimejiuliza tangu Jumanne, na hakuna wa kunijibu.

Mama Athieno hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu. Alileta maji ya vuguvugu, akanivua gambuti mwenyewe, akautazama mguu ulivyobadilika rangi. "Pole, mwanangu," alisema. "Umeumia sababu ya mimi."



Asubuhi yake habari zilikuwa zimenitangulia ofisini. Bwana Oketcho alinikaribisha kiti, akaongea kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Daktari Nabwire, hakuna mtu analaumu wewe. Lakini mguu ni mguu, hatuwezi kuongeza. Emojong achukue pikipiki, wewe ukae duka la dawa. Kwani iko shida?"

Emojong alikuwa mlangoni. Alitazama sakafu, lakini niliona alivyoshikilia kicheko kisimtoke.

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Miguu haiongezeki. Lakini pikipiki inaweza kushushwa."

"Nashusha namna gani? Hiyo ni chuma, si sketi ya kukunja upindo."

"Nipe mpaka Jumatatu. Nitakuja nayo hapa, nitasimama mbele yako palipo tambarare. Nikishindwa, funguo hizo."

Alifikiri, akacheka, akakubali. Kwa sharti moja: isiharibike.

Jana nikaenda Busia. Fundi anaitwa Barasa, ni mtu wa upande wa Kenya ila karakana yake iko upande wetu, nyuma ya mstari wa malori yanayosubiri kuvuka. Niliingia kwake nikiizima pikipiki huku nimeegemea gurudumu la lori. Aliniona. Alitabasamu.

"Madam, hii mashine imekuzidi. Tutaishusha, usijali."

Alianza na kiti. Akavua ngozi, akachora kwa kalamu, akakata sponji kwa kisu cha jikoni, hasa pale mapaja yanapopita, maana upana wa kiti ndio unaoiba urefu wa miguu. Sponji la mgeni likawa vipande sakafuni. Roho iliniruka. Lile halirudi. Nikakaa: ncha za vidole zikagusa. Hazikutosha, na kiti kikawa kigumu kama benchi la kanisa.

Ikabidi twende kwenye springi ya nyuma. Kuna vyuma viwili vifupi vinavyoiunganisha na gurudumu. Barasa akachonga vingine virefu kidogo, na alipovifunga, mgongo wa pikipiki ukaketi chini. Akapangusa mikono. "Imeisha hiyo."

Niliijaribu kwenye uwanja wa malori. Ilikuwa kama kuendesha kitu kinachotazama mbinguni. Mbele kuko juu, usukani mwepesi, nakata kona hautaki kunisikiliza. Nikarudi kumwambia nyuma ikishuka, na mbele lazima ishuke kwa kiasi hicho hicho. Akasema nitazoea. Nikasema sitazoea. Tukabishana mpaka madereva wa malori wakavuta viti kutusikiliza. Mwishowe akalegeza zile nguzo za mbele na kuzipandisha ndani ya vishikio vyake, akinung'unika kwa Kisamia akidhani sielewi. Mimi ni Msamia. Nilimjibu kwa lugha yetu, na kuanzia hapo tukawa tunacheka.

Nililala kwa dada yangu. Leo asubuhi tumekuta lingine. Pikipiki imeshuka, lakini stendi ya pembeni ni ile ile, kwa hiyo ikiegeshwa inasimama wima kama askari. Lori likapita karibu, upepo ukaisukuma, ikaangukia upande wa pili. Kioo kikapasuka. Barasa akashika kichwa. Tukakata stendi, tukaichomelea upya. Tukakumbuka na taa, iliyokuwa inamulika matawi, tukaiinamisha.

Kisha nikapanda. Nikiwa chini, palipo tambarare, bila jiwe.

Nyayo zangu zote mbili zilishika ardhi, visigino tu ndivyo vilivyobaki juu. Barasa alipiga makofi. Mimi nilikaa tu, usukani mkononi, sitaki kuondoka.

Nje ya mji lori lililokuwa mbele yangu lilifunga breki ghafla. Zamani pale ningekuwa nimeanguka. Nilishusha miguu nikasimama. Nilisimama, basi. Foleni ikasonga, watu nyuma wakapiga honi, na mimi bado nimesimama pale kama mwendawazimu, nalia ndani ya helmeti.

Furaha hiyo haikufika mbali.

Nilipitiliza mjini nikaingia njia za Mukuju kuijaribu kwenye mawe. Kwenye kalavati la kwanza tumbo lake liligonga. Kelele ile ya chuma kukwaruza jiwe ilinipanda mgongoni. Nikashuka, nikainama kwenye tope kutazama: mkwaruzo tu, hakuna mafuta yanayovuja. Lakini nimeelewa. Pale pikipiki ilipokuwa ikipita bila kujua kuna jiwe, sasa itapita kwa kuomba. Nimenunua ardhi chini ya miguu yangu kwa kupoteza baadhi ya njia. Kuna maboma ambayo nitaiacha barabarani na kumalizia kwa miguu, mkoba kichwani.

Nilipofika nyumbani, Emojong alikuwa ananingoja. Alisema amekuja kuniuliza hali ya mguu. Aliuliza kweli, kisha macho yakaenda kwenye pikipiki.

"Naweza kukaa?"

Nikampa funguo. Alikaa. Magoti yalimpanda mpaka karibu na viwiko, kama mtu mzima aliyekalia kiti cha chekechea. Alijaribu kusogea nyuma, sponji hakuna. Alijaribu kugeuza usukani, ukagonga goti. Nilidhani tutacheka. Hakucheka. Alishuka taratibu, akaifuta matope kwenye tangi kwa kiganja.

"Hii haiwezi kunirudia tena," alisema. "Umeifanya yako, daktari. Sasa hata ukichoka, hakuna mwingine."

Akaniaga, akaondoka kwa miguu.

Maneno hayo yamekaa na mimi hapa mlangoni tangu aondoke. Alisema kwa uchungu, lakini alisema kweli. Miezi yote hii nilikuwa na pa kukimbilia bila kujua. Siku ambayo ingenishinda, ningesema ni ndefu, apewe mrefu, na hakuna ambaye angenilaumu. Mlango huo nimeukata mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Mvua za Kisoko, tope la Mukuju, kila mama atakayekimbia barabarani na leso mkononi, ni wangu. Nikimpita, nimempita kwa kupenda.

Naogopa. Naandika neno hilo hapa ili nilione.

Jumatatu nitasimama mbele ya Bwana Oketcho, hilo halinisumbui tena. Ni kesho ndiyo naiwaza. Sasa hivi wakati naandika simu imeita, mzee mmoja wa Mukuju, ng'ombe wake amelala tangu mchana na hataki kuinuka. Nimemuuliza kama njia ya kwake ina mawe.

"Iko mingi sana, daktari," amesema. "Unakuja?"

Nimemwambia nakuja alfajiri.