Humtazama Mtu Nywele Kabla ya Macho

Dada yangu mpendwa,

Barua hii ikikukuta kwenye cherehani, tafadhali ondoa mguu kwenye kanyagio kwanza. Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji, mama, na wale pacha wako ambao nasikia sasa wanagombania hata kivuli cha mlango. Goti la mama linaendeleaje? Je, bado anakataa fimbo kwa kuwa ati fimbo ni ya wazee? Mimi kiafya sijambo. Hilo ndilo jambo jepesi la mwisho nitakalokuandikia leo.

Najua umenikasirikia, na una haki. Siku kumi na moja sikupokea simu yako hata moja, mpaka ukaniletea ujumbe ukiuliza kama nimekatwa ulimi. Mimi, Kipaza! Mimi niliyepewa jina hilo na baba mwenyewe kwa sababu nikiomba maji utotoni mtaa mzima ulijua nina kiu. Mimi niliyesimama juu ya meza ya bwalo la chakula nikawaambia wanafunzi elfu mbili kwamba kunyamaza ni kushiriki katika dhuluma. Basi nimenyamaza siku kumi na moja, Dada, na sasa najua kwamba upo ukimya ambao si dhuluma wala woga. Ni mtu tu amekosa pa kuanzia.

Nimempata baba. Hayuko hai.

Weka barua chini, unywe maji, kisha urudi. Nimeandika sentensi hizo fupi makusudi, kwa kuwa kila nilipozirefusha nilijikuta nahutubia, na baba hakupenda nihutubie penye msiba. Mama usimsomee. Nitakuja Jumamosi nimwambie kwa kinywa changu. Lakini wewe una haki ya kujua yote kabla hujaniona, ili uamue mwenyewe kama utanifungulia mlango.

Unaikumbuka ile karatasi ya nyuso? Mwalimu wa Kiingereza alinipa nilipokuwa darasa la saba, ina vichwa ishirini na vinne vilivyochorwa kwa wino, na chini ya kila kichwa neno lake: uso wa duara, uso wa yai, pua bapa, kidevu kilichochongoka, anayetabasamu, aliyekunja uso. Baba aliniruhusu kuibandika kando ya kioo chake cha kinyozi, akisema wateja wake sasa watanyolewa na kusomeshwa kwa kikao kimoja. Nami nikawageuza wateja kuwa daftari. Muuza nyama nilimtaja kwa Kiingereza kuwa ana kidevu cha ghorofa mbili, na aliponitaka nimfasirie nikamwambia maana yake ni mtu mwenye heshima zake. Siku nzima alijiita hivyo mtaani kwa Kiingereza kibovu, na wewe ulicheka hadi ukalazimika kukaa sakafuni juu ya nywele za watu.

Baba peke yake ndiye aliyeishinda karatasi ile. Aliniuliza, mkasi ukiwa hewani, Wazungu wanamwitaje mtu anayecheka na wenzake hali asubuhi hiyo amefukuzwa kazi. Nikatafuta vichwa vyote ishirini na vinne, sikumwona. Akaniambia basi nikamwagize mwalimu achore kichwa cha ishirini na tano.

Yeye hakuhitaji karatasi. Alikuwa na ile tabia yake: humtazama mtu nywele kabla ya macho. Mteja, mgeni, polisi, hata mama akimletea chai, hutazamwa utosi kwanza, kisha ndipo husalimiwa. Mama husema alichumbiwa na mwanamume aliyezungumza na nywele zake wiki mbili kabla ya kugundua kwamba chini yake kuna mtu.

Sasa nisikilize. Niliposimamishwa masomo kwa ajili ya ule mgomo, nilikwambia nimepata kibarua cha kuchapa katika ofisi ya kumbukumbu ya hospitali kuu. Sikukwambia nachapa nini. Wapo wagonjwa wanaookotwa vituoni na barabarani bila vitambulisho, hawawezi kusema wao ni nani. Hao hupewa namba. Zikipita siku thelathini bila ndugu kujitokeza, ofisi yetu huandika tangazo la sura yake na kulibandika kwenye ubao wa langoni, nakala ikaenda polisi. Picha hazipigwi, kanuni inakataza. Ni maneno tu, na maneno yenyewe ni ya Kiingereza, kutoka katika orodha iliyopitishwa: umbo, rangi, uso, mashavu, nywele, hali ya uso. Utaratibu unataka mwandishi aende wodini, akae mbele ya mgonjwa, amtazame, ndipo aandike. Mwezi wa kwanza nilikwenda. Harufu ikanishinda, na mikutano yetu ya wanafunzi ikanikaba. Nikaanza kumwomba muuguzi wa wodi aniandikie sura za watu kwa Kiswahili kwenye vipande vya karatasi, nami nikazitafsiri nikiwa kitini. Mkuu wangu alizisifu tafsiri zangu. Alisema wagonjwa wangu wanasomeka.

Unajua kwa nini baba aliondoka nyumbani asubuhi ile. Alikwambia wewe kabla ya kuniambia mimi: kwamba kwenye simu mtu huivalisha sauti yake nguo aitakayo, na yeye ameshachoka kusikia kwamba sijambo, anakuja kuniona uso. Hakunitajia siku. Alitaka kunifumania na sura yangu ya kweli. Hakufika kwangu. Mimi nikazunguka polisi, nikazunguka vituo vya mabasi, na katika hospitali yangu mwenyewe nikafungua daftari la waliolazwa, nikapitisha kidole kwenye majina yote, la kwake halikuwamo. Nikaridhika. Nilimtafuta kwa jina mahali ambapo alikuwa hana jina.

Siku kumi na mbili zilizopita, mtunza ghala aliniita nichape orodha ya vitu vya marehemu visivyo na mwenyewe. Mzee yule ana utani wake; alisema leo nitakuwa mrithi wa viatu arobaini, vyote vya mguu wa kushoto. Nikacheka. Nikafungua mfuko wa tatu. Ndani yake mlikuwa na taulo, na ndani ya taulo mashine ya kunyolea ya mkono, mpini wake mmoja umezungushiwa utepe wa umeme wa rangi ya buluu, mnene kupita kiasi, umefungwa vibaya.

Utepe ule niliufunga mimi nikiwa na miaka tisa. Ulimwumiza kidole gumba miaka yote hiyo, na kila tulipomwambia aubadilishe alijibu kwamba fundi wake bado hajastaafu.

Mtunza ghala alidhani nimeshikwa na kizunguzungu kwa sababu ya vumbi. Niliisoma namba ya mfuko, nikakimbilia daftari, kutoka daftari nikaenda wodini. Muuguzi yule, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, aliniketisha kwenye kitanda kitupu. Alinieleza kwamba baba aliletwa kutoka kituo cha mabasi, amepigwa na kiharusi, mdomo umeenda upande, ulimi haumtii, simu na vitambulisho vimeshachukuliwa na wenye mikono mirefu. Wakamwachia mfuko wa taulo tu. Nadhani hawakuona thamani yake. Hakusema neno hata moja mpaka alipofariki. Lakini asubuhi ya mwisho, alisema muuguzi, alipoinama kumpangusa, kitambaa chake cha kichwa kiliteleza, naye baba akainua mkono mzima, akavigusa vinywele vilivyochomoza, kisha akachezesha vidole viwili kama mkasi. Muuguzi alimwambia, babu, ukipona utaninyoa wewe na si mwingine. Anaapa kwamba alicheka. Kwa upande ule mmoja uliobaki, alicheka.

Amezikwa na manispaa, nyuma ya kiwanda cha matofali. Kuna kibao cha bati chenye namba. Nimeshakwenda mara nne.

Laiti barua ingeishia hapa! Ningekuwa mfiwa tu, nawe ungenilaza kichwa mapajani tukalia. Lakini Dada, mimi niliyewavua nguo hadharani wakubwa wa chuo kwa kuficha ukweli, nitakuficha wewe?

Uliposafiri kuja kunisaidia kutafuta, ulikuja na shati jeupe la baba umelipiga pasi, ukasema akipatikana asirudi nyumbani kama mtu aliyeokotwa. Tulisimama langoni mwa hospitali, mbele ya ubao. Ulisema Kiingereza kimekupita pembeni, ukaniomba nikusomee. Nikakusomea matangazo yote saba. La tano nililisoma hivi: mzee, amekonda, mashavu yamebonyea, ndevu nyingi, uso usioonyesha hisia yoyote. Ukauliza ana ndevu? Nikasema anazo nyingi. Ukasema basi si yeye, baba hajawahi kulala na ndevu. Kisha ukasita. Ukaniambia twende tukamwone tu, macho hayana pazia, na kama si wetu tutakuwa tumemjulia hali mzee wa watu.

Nikakwambia muda wa kuwaona wagonjwa umepita.

Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi. Muda haukuwa umepita. Ulikuwa ndio kwanza unaanza. Nilikuwa na hotuba saa nne na nusu, mbele ya kamati ya wanafunzi, na mada yake, Mungu anisamehe, ilikuwa haki za wanyonge wasio na wa kuwasemea. Nilikupandisha basi na shati lako mkononi. Baba alikuwa hai, Dada. Kutoka ubaoni hadi kitandani kwake nimepima kwa miguu: ni hatua mia moja na sita. Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo.

Na bado sijamaliza. Tangazo lile la tano nililichapa mimi. Karatasi ya muuguzi niliikuta kwenye faili, kwa kuwa ofisi yetu haitupi kitu isipokuwa watu. Ameandika kwa mkono wake: "Mzee mwembamba, mdomo umeenda kulia, ndevu zimemjaa. Ukimkaribia hukutazama nywele kabla ya macho." Sentensi ya mwisho ameipigia mstari mara mbili. Mimi, mtaalamu, neno lake jepesi la mwembamba nikalipandisha cheo likawa "gaunt", yaani aliyekonda hadi mashavu yakabonyea, maana lilikuwa na uzito wa kitabuni. Mdomo nikauacha kwa kuwa orodha haina midomo ya kwenda upande. Na sentensi ya mwisho nikaifuta. Muuguzi alikuja hadi mezani kwangu. Alinisihi, mwanangu, hilo ndilo lenyewe, mwenye mtu wake akilisikia hilo atamjua. Nikamjibu kwa adabu kwamba fomu haina nafasi ya tabia, ina nafasi ya hali ya uso tu. Katika nafasi hiyo nikaandika "expressionless". Uso usio na hisia. Baba yako! Mtu aliyesoma nyuso za mtaa mzima miaka thelathini, mwanawe akaandika kwamba wake hausomeki.

Jiulize nami: sentensi ile ilipita machoni mwangu kwa Kiswahili, lugha aliyonilea nayo. Mbona sikushtuka? Nimejibu kwa njia zote za mjadala ninazozijua na zote ni uongo. Jibu ni kwamba sikuisoma. Niliitazama kama mtu anayetafuta cha kupunguza. Ningekusomea wewe pale langoni maneno yale sita tu, ungeliangusha shati ukakimbia. Baba ndiye aliyekuwa kichwa cha ishirini na tano, nami nilikuwa na vichwa vyangu ishirini na vinne, nikaona vinatosha.

Siombi msamaha kwa barua. Msamaha wa barua ni kama salamu ya dirishani. Nimeacha kazi, nimeikabidhi kamati kwa wengine, na tangazo la tano nimelibandua. Mahali pake nimebandika karatasi ya muuguzi kama ilivyo, na mstari wake mara mbili. Ofisi wanajua ni mimi. Wafanye watakalo.

Nisalimie shemeji na pacha. Mama mwambie tu nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi, na asichinje wala asipike cha ziada. Wewe nakuomba jambo moja, nalo ukilikataa sitalalamika. Tangu baba aondoke sijanyolewa; sikumkubali kinyozi mwingine, nikisema nitamngoja yeye. Nakuja na mashine yake. Ninapofika usiniangalie usoni, maana hata mimi sijui utakuta nini huko. Nitazame nywele kwanza, Dada, kama angefanya yeye, kisha unikalishe kwenye kiti chake, uninyoe kabla mama hajaniona.

Utepe wa buluu usiubandue. Utakuumiza kidole gumba kidogo tu.

Mdogo wako asiye na la kujitetea,

Kipaza