Mwendo wa Behewa Tupu

Dada yangu mpendwa,

Natumaini mguu wa mama unapata nafuu, na kwamba amekubali kukaa kitako. Huku paa la chumba changu linavuja. Nimehamisha kitanda mara mbili na usingizi bado hauji.

Labda umesikia kwamba mfunga mabehewa wetu amesagwa mkono. Behewa tupu liligonga lililojaa saruji, yakanasana mkono wake ukiwa katikati, yakaenda pamoja mbio hadi mwisho wa reli. Mumeo, aliyeongoza kazi, anasema lile tupu lilikuja taratibu, na kwamba mfungaji mwenyewe ndiye aliyezembea.

"Shemeji," nilimwambia, "momenta, yaani uzito wa kitu mara kasi yake, haipotei, inagawanywa. Jepesi likinasa zito lililosimama, mwendo hupungua sana. Haya yalikwenda mbio hata baada ya kunasana, basi lile tupu lilikuja kwa kasi ya kutisha."

Akacheka. "Na nishati ya kasi hiyo imekwenda wapi, msomi?"

"Kwenye kishindo, kwenye joto, kwenye chuma kilichopinda. Na kwenye mkono wa mtu."

Akaacha kucheka. "Kazi nilikupatia mimi. Kesho ukiulizwa kwenye uchunguzi, sema hukuona kitu."

Nilikuwa dirishani, dada, nikaliona lile tupu likija mbio. Nikinyamaza, atafukuzwa mfunga mabehewa. Nikisema, atafukuzwa mumeo. Barua hii itakufikia nikiwa nimeshasema. Kama huna upole wa kunijibu, nijibu bila upole, lakini nijibu.

Mdogo wako