Neno la Kumwita Soksi

Jumamosi, 1 Oktoba 2005

Nimewasha makaa, nimechemsha chai. Vikombe viwili na bakuli moja. Bakuli ni la mbwa, na linajazwa kabla ya vikombe, kwa sababu mbwa ana ratiba. Mimi sina ratiba.

Simiyu amemleta kutoka Kitale wiki jana, baada ya kukaa huko wiki tatu wakifunzwa pamoja. Jike, mweusi, miguu ya mbele myeupe. Anaitwa Soksi. Analala ndani, tena upande wa Simiyu. Kwetu Bumula mbwa hulala nje na kubweka. Huyu habweki hata. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na kazi yake tayari, na kazi yenyewe ni mume wangu.

Jumatatu, 3 Oktoba

Nimeshona sare tatu za shule kwenye baraza la duka la vitambaa la Mama Nisha mjini Bungoma. Nimerudi nyumbani Mabanga jioni nikamkuta Simiyu ghalani, amekaa juu ya gunia, ananong'ona. Soksi amemlalia magoti kwa uzito wake wote. Simiyu alikuwa ameshika manyoya yake kwa ngumi, halafu akayaachia. Sikusikia alichosema.

Tangu atoke jeshini, miaka mitatu, nimeomba aniambie neno moja kuhusu Sierra Leone. Moja tu. Mbwa amekaa siku kumi na ananong'onezwa.

Jumamosi, 8 Oktoba

Kitale. Ukaguzi wa kwanza. Mzee Cheruiyot, askari mstaafu wa kikosi cha mbwa, ana boma nje kidogo ya mji. Anafunza mbwa wa kukaa na watu walioumia akilini. Kulikuwa na mama mmoja aliyenusurika ajali ya basi, na mbwa wake wa kahawia. Wakasalimiana na Simiyu kama ndugu. Mimi niliwekwa kwenye benchi.

Mzee akaniambia, "Mama, wewe usimlishe kwa mkono. Na usimwite. Akizoea kila mtu, hatasaidia mtu." Nikaitikia ndiyo mzee. Kaa, simama, twende, hayo naruhusiwa kujua. Neno la kumwita wakati wa shida ni la Simiyu peke yake.

Halafu wakaenda sokoni. Soko la Kitale siku ya Jumamosi, mikokoteni, watu wa mahindi, gari la chungwa na gari la ndizi wakipigiana vipaza sauti kuhusu kura ya katiba. Simiyu alipita katikati. Hakutokwa na jasho. Alinunua nyanya. Mimi nimejaribu kumpeleka soko la Bungoma mara ngapi, nikimshika mkono, na kila mara tunarudia getini.

Nina wivu. Basi nimeandika. Wivu wa mbwa.

Alhamisi, 13 Oktoba

Ameniomba nimshonee kitu. Moyo uliruka. Mara ya mwisho ilikuwa suti ya kaunda, kabla ya safari ile.

Anataka kizibao cha mbwa. Kiandikwe ubavuni: USINIGUSE, NIKO KAZINI.

Nimepima kifua cha mbwa kwa tepu yangu ile ile inayopima maharusi. Alisimama wima, akanitazama machoni muda wote. Wateja wengine hawana adabu hiyo. Nilimchukia zaidi.

Jumapili, 16 Oktoba

Kanisani. Simiyu ameketi ndani hadi baraka, jambo ambalo halijatokea tangu arudi. Watu wamenipa mkono, wananiambia Mungu ni mwema, Mama Wafula. Nikasema amina. Mbwa alikuwa katikati yetu kwenye benchi, chini, mgongo kwake na mkia kwangu.

Alhamisi, 20 Oktoba

Sikukuu. Dada yangu Nafula amekuja kutoka Bumula na kuku. Akasimama getini akaniita kama tunavyoitana tangu utoto: "Nekesa! We Nekesa!"

Kabla sijaosha mikono, Soksi amechomoka ndani, amefika getini, hakuona wa kumlalia ila Nafula. Akampanda mapajani na miguu yote miwili ya mbele. Kuku akaruka huku, Nafula akaenda kule. Simiyu hakuwepo, alikuwa shambani.

"Ati mbwa anarara ndani, anashindana na wageni? Si umfukuze, bana."

Nimecheka kwa mdomo. Hata dada yangu, mbwa anataka kumchukua.

Ijumaa, 21 Oktoba

Nimefikiria mbio zile za mbwa nilipoitwa, cherehanini mchana kutwa. Nimeharibu kola mbili.

Jina langu la Nekesa limebaki kwa Nafula tu. Nilizaliwa wakati wa mavuno, ndiyo maana yake. Kwa kila mtu mwingine mimi ni Mama Wafula, tangu mtoto azaliwe, na sasa mtoto yuko kidato cha pili, bwenini. Simiyu mwenyewe ananiita Mama Wafula. Hilo jina, nililompa aniite tulipokuwa wachumba, sijalisikia mdomoni mwake tangu aende vitani.

Jioni alipokwenda kuteka maji nilibaki na mbwa jikoni. Nikanong'ona. "Nekesa."

Akaja. Akanilalia miguu, kilo zake zote, akatulia.

Kwa hiyo ndilo neno lenyewe. Amechukua jina langu ameliweka kwa mbwa. Kwetu mtu akitaka kumtukana jirani hadi azikwe, humpa mbwa wake jina la jirani. Mimi sijapigwa kofi maishani, lakini leo najua linavyowasha.

Nimemwekea Simiyu ugali. Nimelala nikitazama ukuta.

Jumanne, 25 Oktoba

Nimemaliza kizibao. Kitambaa cha khaki, maandishi ya uzi mwekundu, kazi safi. Ndani ya kwapa la kushoto nimekaza mshono na kuacha upindo mgumu, haukukunjwa. Fundi yeyote anajua utafanya nini ukisuguana na ngozi. Nilikuwa najua. Sikuteleza mkono.

Simiyu amekishika, amesema nimefanya kazi nzuri sana. Amekipapasa kwa kidole.

Jumamosi, 29 Oktoba

Mbwa anachechemea. Hakulia hata kidogo, ndicho kinachoniudhi. Simiyu amemvua, ameona kidonda chini ya mkono. Amekiosha kwa maji ya chumvi. Akaniuliza kama nina kitambaa laini. Nikampa. Aliniamini kabisa.

Nilidhani nitafurahi. Nimefurahi kidogo asubuhi, basi.

Jumanne, 1 Novemba

Naandika mkono ukiwa bado mzito.

Leo ni Diwali, sikukuu ya Wahindi. Mama Nisha alinionya mapema, akasema fataki zitawashwa jua likizama, nifunge mapema. Nilisahau kumwambia Simiyu. Hapana. Sikusahau, sikuona haja, kwa sababu yeye haji mjini. Lakini leo kaja, na baiskeli, kunisaidia kubeba majora ya kitambaa. Kaja bila Soksi kwa sababu ya kidonda. Alisema ataweza. Alikuwa na majivuno kidogo, alinyoa ndevu.

Mama Nisha akatuletea sahani ya peremende zao za maziwa. Simiyu alikuwa na kipande mkononi. Jua lilikuwa bado kwenye mabati. Watoto wa duka jirani hawakungoja lizame.

Fataki ya kwanza ikamwangusha chini ya meza yangu ya kukatia. Akajikunja kati ya mabaki ya vitambaa, macho wazi, hayatazami mtu. Watu wakasimama. Mmoja akasema ni mlevi. Fataki zikaendelea.

Kisha akaita. "Nekesa." Kwa sauti ndogo. "Nekesa. Nekesa."

Mimi niligeuka nyuma kumtafuta mbwa. Nakiri. Niligeuka kabisa. Hakukuwa na mbwa. Yuko nyumbani, ana kidonda, na kidonda ni changu.

Nikaingia chini ya meza. Sikujua nimwambie nini, kwa hiyo nikafanya nilichoona ghalani. Nikamlalia magoti na kifua, mwili mzima, mbele ya Mungu na Mama Nisha na barabara nzima. Nikakaa hapo. Nafula hunitania kwamba mimi ni gunia la debe nane. Leo debe zote nane zimefanya kazi. Moyo wake ulikuwa unagonga mbavu zangu. Baadaye ukapunguza. Mama Nisha aliwafukuza watoto na watazamaji, kisha akateremsha turubai la duka.

Peremende ilikuwa bado kwenye kiganja chake, imepondeka.

Jumatano, 2 Novemba

Ameongea. Asubuhi, bila kuulizwa, akimenya ndizi.

Mzee Cheruiyot alimwuliza ni neno gani linalomtoka hofu ikimshika. Alisema mdomo wakati ule hauwezi kujifunza neno jipya, kwa hiyo mbwa atafunzwa lile lililopo. Lililopo lilikuwa jina langu. Simiyu alianza kuliita huko Sierra Leone, akiwa amelala kwenye mtaro na wenzake wawili ambao hawakuinuka. Hakuacha. Aliporudi kwetu aliogopa kuliita mchana, akasema linatoka na mtaro wake. Ndiyo maana Mama Wafula, Mama Wafula. Na aliona haya kuniambia, kwa sababu anajua maana ya jina la mtu kwa mbwa.

Miaka yote nililala kando yake nikidhani jina limekufa.

Nikamwambia kuhusu mshono. Nilimwambia kwa maneno ya fundi, kwapa la kushoto, upindo haukukunjwa, kwa kusudi. Aliweka kisu chini, akatoka, akakaa nje na mbwa hadi saa sita. Hakula.

Ijumaa, 4 Novemba

Hajasema nami. Chai anakunywa. Mimi naosha kidonda asubuhi na jioni, chumvi na maji ya uvuguvugu. Soksi ananipa mkono kabla sijauomba. Angeniuma ningepata nafuu.

Jumamosi jioni, 5 Novemba

Nimekuta kizibao juu ya cherehani yangu ya nyumbani. Simiyu amekiweka hapo, ndani nje, kwapa la kushoto juu. Nimefumua mshono wote, nimeukata upindo, nimeweka bitana ya pamba kutoka gauni langu la zamani. Nimekisugua shavuni mwangu kila upande.

Jumapili, 6 Novemba

Kidonda kimekauka. Mvua ndogo. Tumekula mapema.

Nilikuwa jikoni naosha sufuria. Simiyu alikuwa kibarazani. Radi ikapiga upande wa Elgon, mbali, akaita mara moja tu.

Mbwa alifika kwanza. Nikamwachia magoti, nikachukua bega.