Marehemu Bado Anaingia Kwenye Seva

Shangazi Kahambu mpendwa,

Hili sijamwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu wa dawati, hata padri sijamwambia: mimi ninajua paswadi ya kompyuta kubwa ya serikali, na karibu kila siku nikitoka shule ninaingia humo kwa jina la baba yangu. Nina miaka kumi na sita. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, ila nyumbani Makindye tunaongea Kiswahili kwa sababu baba ni Mwacholi na mama ni Mnubi, basi nakuandikia kwa Kiswahili ili karatasi hii ikiokotwa darasani wasiielewe wote. Majina nimeyabadilisha kwa kuwa barua unazojibu husomwa na wengi, hata la marehemu, anisamehe.

Ilianza hivi, baba ni fundi wa seva katika ofisi moja ambayo sitaitaja, na mwezi uliopita pikipiki ya boda ilimwangusha, mkono wa kulia ukavunjika, ukatiwa plasta mpaka juu ya kiwiko, lakini kazi haikumsubiri kwa sababu wanapanua mitambo, basi anafanyia kazi nyumbani, yeye anasema, mimi naandika. Alinieleza yote, na nilijivunia kidogo. Ile seva ya chuma ni moja lakini ndani yake zinaishi kompyuta nyingi zisizo na mwili, kila idara ina zake, na juu ya zote kuna seva ya msimamizi, ndiyo inayoziwasha, kuzizima na kuzinakili, kwa hiyo aliyeingia humo ameingia kote. Zilikuwa arobaini, sasa zinakwenda kuwa mia mbili, na msimamizi naye anaongezewa mwenzake ili mmoja akianguka mwingine ashike. Kabla ya hapo wakubwa wanataka orodha ya kila mtu mwenye ruhusa ya juu, na baba athibitishe kwamba wote wako kazini. Kuthibitisha ni kubonyeza mahali pamoja tu, tarehe thelathini, na atakayebonyeza ni mimi.

Shangazi, kwenye orodha yupo Oola. Alikuwa rafiki wa baba, tulimzika Februari kule Kitgum, nililiona jeneza likishuka na udongo niliutupa kwa mkono wangu huu. Nikatazama aliingia lini mara ya mwisho, nikijua nitakuta Januari. Nikakuta wiki iliyopita! Jumatatu saa tano na dakika arobaini na tatu asubuhi, Alhamisi saa nane na dakika kumi mchana, Ijumaa saa kumi na dakika tano alasiri. Nimeziandika nyuma ya daftari la Kemia.

Nikamuuliza, "Baba, si huyu alifariki?"

Akasema, "Andika nilichokuambia, Acayo." Huwa ananiita injinia. Siku hiyo aliniita jina langu kama mwalimu anayeita wenye makosa.

Jumapili akaja Abdunoor, mwenzake wa kazini, na machungwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Akaanza utani wake, "Mzee, umepata katibu! Unamlisha nini, mbona amekonda hivi?" Baba akacheka. Nikaenda kuleta chai, nikarudi bila viatu, nikamsikia Abdunoor anasema kwa sauti ya chini, "Tumwache Oola alale hivyo hivyo mpaka tarehe ipite. Ukimzima, nusu ya mashine zitagoma, na wewe ndiye utakayeulizwa."

"Na wakimwona kwenye orodha?"

"Nani atamwona, mzee? Wale wanatafuta alama ya kubonyezwa tu."

Waliponiona wakaanza kuongea mpira, na baba hapendi mpira.

Tangu hapo namtazama kama mtu niliyemkuta kwenye foleni. Simu anakwenda kuipokelea nje karibu na tangi la maji, mama akiuliza ni nani anasema ni kazi. Nakumbuka hata Jumatatu ile ile, nilipokosa shule nikampeleka hospitali kubadilisha plasta, tulikaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa saba na simu hakuitoa mfukoni hata mara moja, sasa najiuliza, alikuwa anaogopa nani ampigie mbele yangu? Mtu mwenye jina la maiti anaweza kuzima kompyuta za serikali na asijulikane, na mimi nadhani mtu huyo ni baba yangu mzazi. Nisipobonyeza atajua nilimchunguza. Nikibonyeza na wakaja kugundua, watamfukuza au watamfunga, na kidole kitakuwa changu. Kuna namba ya kutoa habari bila kujitaja, nimeihifadhi, je niipige? Ama ninyamaze nibonyeze tu? Shangazi naomba unijibu kabla ya tarehe thelathini kwa sababu mimi kuongea mbele yake siwezi, maneno yananikauka, na sasa nasikia ndala zake koridoni, hajapita, amesimama mlangoni, naificha chini ya

*

Mwanangu,

Barua yako imenifikia imekunjwa mara nane na haina mwisho. Pole, bambi. Kumshuku mzazi unayekula naye sahani moja ni mzigo mbaya, na umeubeba peke yako muda mrefu.

Sasa nisikilize, maana nitakugombeza. Unamtafuta mtu anayeingia kwa jina lisilo lake. Na wewe je? Kila unapoandika paswadi ya baba yako, mashine inaandika kwamba ni yeye, kumbe ni msichana wa shule na daftari la Kemia. Kosa kubwa hapo ni la baba yako. Plasta si ruhusa ya kukupa ufunguo wa ofisi ya watu; angemwomba mkubwa wake mtu wa kumsaidia. Lakini hata wewe umeacha kusaidia, umekuwa mpelelezi, na mpelelezi mwenyewe haoni vizuri.

Nimemuuliza Tarcisio, mtu anayetunza seva za namna hiyo, bila kukutaja. Anasema jina la marehemu linaweza kubaki kwa sababu kuna programu alizozifunga kwa jina lake, na ni kweli ukilizima kwa pupa, kazi nyingine zitasimama. Ndiyo maana zinahamishwa moja moja, hadharani, wala hazifichwi. Lakini programu huingia saa ile ile kila siku. Saa zako zinarukaruka. Huyo, anasema, ana vidole.

Vidole vya nani? Soma barua yako mwenyewe. Jumatatu saa tano na dakika arobaini na tatu baba yako alikuwa kwenye benchi, mkono kwenye plasta, simu mfukoni, na wewe ubavuni kwake. Hilo wewe ndiye uliyeniandikia! Ulilishika kama ushahidi dhidi yake, nalo ndilo linalomtoa, kwa siku hiyo angalau. Nadhani baba yako alipaswa kulifunga jina la rafiki yake mwezi wa Februari, hakulifunga, na sasa anaona aibu na anaogopa, na kuna mtu anayeifaidi hofu hiyo. Abdunoor? Sijui. Wewe pia hujui, kwa hiyo usimtaje mahali popote.

Namba hiyo usiipige kwanza. Baba yako apewe nafasi ya kwenda mwenyewe kwa mkubwa wake, akiwa na orodha na zile nyakati tatu ulizoandika, aseme, "Nilichelewa, na kuna mtu anapita hapa." Atagombezwa. Anaweza hata kusimamishwa kwa muda, sitakudanganya. Ila akithibitisha uongo tarehe thelathini, kila atakalofanya huyo mwenye vidole litakuwa na idhini ya baba yako. Akikataa kwenda, mweleze mama yako yote siku hiyo hiyo, watu wazima wabebe la kwao. Na paswadi abadilishe, wewe usiijue tena.

Unasema maneno yanakukauka. Basi nakupa machache. Jumamosi, mama yako akiwepo, chai ikiwa imekwisha, iweke laptopu mezani imefungwa, ukae upande wa mkono wake mzima. Mwambie: "Baba, Oola bado yumo. Jumatatu ile tulikuwa wote hospitali, najua si wewe. Lakini mimi sibonyezi." Kisha nyamaza, umwache yeye aongee.

Shangazi Kahambu