Wamemweka dada yako ukutani

Shemeji Japangardi, soma hii kabla hujazungumza na ndugu zako.

Wamemweka dada yako ukutani! Picha yake, imemulikwa kwa projekta hapa zahanati, kwenye mafunzo ya kompyuta ya wahudumu wa afya. Mke wangu tuliyemzika juzijuzi!

Nilikuwa mlangoni na ufagio. Mwalimu waliyemleta kutoka mjini Alice Springs akamwambia binti yangu Nangala, "Andika maelezo chini ya picha, halafu tusomee jina lake kwa sauti." Jina la mama yake! Wanawake wakainamisha vichwa, wakaanza kulia.

Nangala akataka kuifuta. Akabonyeza kwingine, picha ikajaa ukuta mzima. Mwalimu akapiga makofi. "Hongera, umeshajua kukuza picha!"

Kukuza, shemeji. Kukuza! Na jina la marehemu mwalimu akalitaja mwenyewe, mara mbili.

Bosi wa zahanati anajua kwetu Waaborijini marehemu hatajwi jina wala hatazamwi pichani. Nilimwomba aondoe picha zote za mke wangu. "Usijali mzee, tumeshaziondoa." Wasomi hao! Sasa kajifungia ofisini, lawama kamwachia mwanangu.

Maana kaka yako mkubwa alichungulia dirishani, akaona mkono wa Nangala tu kwenye kompyuta. Akasema, "Huyu ndiye aliyemwamsha marehemu." Akaondoka kufuata rungu.

Mwambie kaka yako, Nangala hakukusudia. Wewe atakusikiliza.

Nangala nimemficha chumba cha dawa. Naona vumbi la gari linatoka kambini kwenu.

Shemeji, naona ujumbe umeshausoma, mbona hujibu?

Hilo gari si lako?